Likizo ya Mwanafunzi na Utafiti wa Saratani

Vyuo vikuu vinapofunga kwa likizo ndefu, familia nyingi za Mufindi humtazamia kijana wao arudi kusaidia kazi za nyumbani. Ni haki yao. Lakini kijana akiomba ruhusa ya kwenda kujifunza utafiti wa saratani, yafaa wazazi waielewe kazi hiyo kabla ya kumkatalia.

Utafiti si mashine kubwa tu. Mwaka 1958 Dk. Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari hadi Afrika Kusini, wakipitia Tanganyika. Kwa wiki 10 waliingia hospitali moja baada ya nyingine, zikiwemo za misheni, wakiuliza kama ugonjwa huo umeonekana hapo. Wakatambua kwamba ulipatikana sehemu za joto na mvua, na ulikuwa haba katika nyanda za juu zenye baridi kama hizi zetu. Ndipo wataalamu wakaanza kuuhusisha na malaria. Mwaka 1964, huko London, kirusi kilionekana katika chembe za uvimbe zilizotoka Uganda. Kati ya watatu waliokigundua, Yvonne Barr alikuwa bado mwanafunzi.

Kwa nini vijana wetu wahitajiwe? Wagonjwa wengi nchini hufika hospitali saratani imekwisha kuenea. Wengine hukosa nauli, wengine huona aibu au huanzia kwa mganga. Mwanafunzi aliyekulia kijijini, ajuaye Kihehe au Kibena, anaweza kumwuliza bibi sababu naye akaambiwa kweli. Hata Marekani vituo vya saratani vimewahi kuwapokea wakati wa kiangazi wanafunzi wa jamii zisizo na watafiti wengi, kama Wamarekani weusi.

Mwanafunzi hatibu mgonjwa. Hupanga kumbukumbu, huhoji wagonjwa kwa ridhaa yao, huhesabu, hutazama chembe kwa hadubini, na hutunza siri. Anaweza kuulizia nafasi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, Bugando, Mwanza, KCMC, Moshi, au kituo cha utafiti wa magonjwa cha Mbeya. Wazazi waulize mambo matatu:

1. Je, chuo kinaifahamu safari hii?
2. Nani atamsimamia, naye atalala wapi?
3. Nauli na chakula vitatoka wapi? Dalali akidai fedha za "nafasi", ulizeni chuoni kwanza.

Matunda ya utafiti tunayo tayari. Ilipojulikana kuwa saratani ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi, chanjo ilitengenezwa. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018. Binti wa miaka 9 hadi 14 aipate. Na mama anayetokwa damu isiyo ya kawaida, au mwenye uvimbe kwenye titi, aende kituo cha afya wiki hii, asisubiri mavuno.