Udongo Ule Ulikuwa na Rangi Gani?

Aprili 1964, jijini Dar es Salaam, Mwalimu Julius Nyerere alimimina udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar katika chombo kimoja, vijana wanne wakiwa wamesimama naye. Picha ya tukio hilo si ngeni mkoani Mara, alikozaliwa Mwalimu. Kuanzia Sirari mpakani hadi Mugumu, mtoto wa shule akionyeshwa ataitaja: kuchanganya udongo. Kila ifikapo Aprili 26, Siku ya Muungano, huzunguka tena kwenye simu, na siku hizi mara nyingi huja na rangi.

Wengi tumezoea kuiona ikiwa nyeusi na nyeupe. Rangi hizo basi zimetoka wapi?

Kupaka picha rangi si jambo la leo. Kabla filamu ya rangi haijawa rahisi kupatikana, studio nyingi duniani zilikuwa na fundi wa kazi hiyo. Picha ilisafishwa kwenye karatasi isiyong'aa, kwa sababu rangi ya mafuta haishiki vizuri penye mng'ao. Mara nyingi iligeuzwa kwanza kwa dawa ili weusi wake uwe kahawia. Kisha fundi alizungushia pamba kwenye kijiti, akachovya rangi kidogo, akaisugua taratibu shavuni, kwenye kanga, kwenye kola ya shati, na iliyozidi akaifuta. Rangi hizo hupitisha mwanga, kwa hiyo kivuli kilichonaswa na kamera kilibaki kikionekana chini yake. Kazi nzuri ya aina hiyo ina upole ambao mashine haijaufikia.

Rangi zenyewe zilitoka ng'ambo. Kampuni ya Marshall ya Marekani iliuza seti zilizopendwa sana, lakini ile iliyoitwa rangi ya ngozi ilikuwa ya waridi, ngozi ya Mzungu. Fundi wa Afrika aliyetaka kumpaka mtu wa kwao ilimbidi achanganye kahawia yake mwenyewe, kwa jicho lake na kumbukumbu yake.

Hapo ndipo penye uzito. Filamu ya nyeusi na nyeupe hupima wingi wa mwanga tu. Shati jekundu na shati la kijani yanaweza kutoka na kijivu kilekile, na hakuna dawa wala kompyuta inayoweza kuyatenganisha baadaye. Programu inayotia rangi leo hukisia kutokana na mamilioni ya picha ilizofunzwa; fundi wa pamba alikisia kwa alichokijua. Vyovyote iwavyo, rangi ni maoni ya aliyeipaka.

Kwenye picha ya udongo, maoni hayo yana maana kubwa. Mkulima wa kahawa wa milimani Tarime anajua udongo wake haufanani na wa mbuga za Serengeti, ingawa kote ni Mara. Udongo wa pande mbili za bahari je? Anayeupaka wote kahawia moja ameshauchanganya kabla ya Mwalimu kuuchanganya. Anayeupaka rangi mbili anatuonyesha nchi mbili zikikutana. Kamera ilinasa kijivu tu.

Makosa mengine hujulikana kwa kalenda. Bendera ya Jamhuri ya Muungano, yenye kijani, njano, nyeusi na buluu, ilianza kutumika Juni 30, 1964, na jina la Tanzania lilitangazwa Oktoba mwaka huo. Picha ya Aprili iliyopambwa kwa bendera hiyo imedanganya, hata ikipendeza vipi.

Hii haina maana kwamba rangi ipigwe marufuku. Rangi inamsogeza kijana karibu na watu waliokuwa hai kama yeye, na hilo ni jema. Kinachotakiwa ni picha iliyopakwa iandikwe kuwa imepakwa, na ya asili isitupwe.

Ombi hili ni kwa kila familia ya Tarime na Serengeti yenye picha za zamani za mikutano ya siasa, harambee au sherehe za uhuru. Kabla ya kumpa kijana wa stesheneri azitie rangi, nakilini kwanza zile za asili. Halafu zigeuzeni, na kwa penseli laini, si kalamu ya wino, andikeni mwaka, mahali na majina. Kama yupo mzee aliyekuwepo siku hiyo, muulizeni shati lilikuwa la rangi gani, mkaandike na hilo.