Mteja akiuliza "MP3 gani nzuri?", usikimbilie kumtajia GB

Leo tuongelee kitu kidogo kwa umbo lakini kilishawahi kuninyima usingizi: MP3. Kile kimashine cha mfukoni cha kusikilizia nyimbo, ambacho wengi mnadhani kimeshakufa kwa sababu kila mtu ana simu. Hakijafa. Mimi nauza kila mwezi, na wateja wangu wengi wananunua MP3 kwa mara ya kwanza maishani mwao. Mtego uko hapo. Anayenunua kwa mara ya kwanza hajui aulize nini. Atauliza bei, atauliza GB ngapi, basi. Kwa hiyo wewe muuzaji ndiye unayemchagulia, upende usipende, na ukimchagulia vibaya lawama ni zako.

Nilijifunza kwa hasara. Mwaka jana nilichukua mzigo wa MP3 12, zile ndogo za kubana kwenye shati, pamoja na memori kadi zilizoandikwa 64GB. Bei ya jumla ilikuwa tamu mno, na sikujiuliza kwa nini ni tamu. Nikapost picha, nikaandika kwa herufi kubwa "MP3 + 64GB, NYIMBO ZAIDI YA ELFU KUMI". Ndani ya siku nne zikatoka 9. Nikajiona nimepata.

Mmoja wa walionunua ni dada wa Tanga. Alitaka ya mama yake, ambaye macho yamepungua nguvu, awe anasikiliza Qur'ani na kaswida bila kusumbuana na simu. Akanitumia mafaili Telegram nimpakilie kabisa. Nikapakia, nikatuma kwa basi. Wiki moja baadaye akaniandikia: "Kaka, bi mkubwa anasema msomaji anakatika katikati ya aya, halafu inarukia sura nyingine. Akibonyeza kusimamisha inaongeza sauti. Ameiweka kabatini."

Hiyo "ameiweka kabatini" iliniuma kuliko kurudisha hela. Hela nilirudisha, na nauli ya basi ikawa juu yangu. Kabla sijapumua wakaja wengine wawili na malalamiko ya kadi. Faida ya mzigo mzima ikaondoka na kipande cha mtaji.

Zilikuwa zimebaki 3. Badala ya kuzishusha bei nizitupe, nikachukua moja nikaitumia mwenyewe wiki nzima kama mteja. Haya ninayoandika yametoka humo, na kwa wateja waliokuja baadaye.

Swali langu la kwanza kwa mteja sasa hivi siyo bei wala GB. Namuuliza: nyumbani una kompyuta? Usicheke. MP3 haina intaneti, haina WhatsApp, haijipakilii nyimbo yenyewe. Lazima kuwe na mahali pa kuzitoa na njia ya kuziingiza. Wateja wangu wengi hawana kompyuta, wana simu tu, na hakuna anayewaambia hili mpaka wameshalipa. Kwa mteja wa namna hiyo, MP3 yenye kumbukumbu ya ndani tu, isiyo na tundu la kadi, ni mzigo. Atazunguka stesheneri akiomba apakiliwe. Mpe yenye tundu la memori kadi, kisha mwongezee kisoma kadi kidogo cha kuchomeka kwenye simu, kile cha OTG. Anachomoa kadi, anaichomeka kwenye simu, anahamisha nyimbo, anairudisha. Kile kisoma kadi chenyewe ni mauzo mengine kwako.

Mwenye kompyuta naye mwangalie kwenye waya. Kuna waya za kuchajia tu, ndani hazina nyaya za kupitishia data. MP3 inachaji vizuri, ila kwenye kompyuta haionekani. Mteja anakwambia umemuuzia mbovu, kumbe nzima. Mimi kila waya unaokuja kwenye boksi naujaribu kwa kuhamisha wimbo mmoja kabla haujatoka dukani.

Swali la pili: unataka kusikiliza nini, na kwa sasa kiko wapi? Majibu ya hapa ndiyo yanayoamua karibu kila kitu.

Akikwambia nyimbo zake ziko Spotify, mweleze mapema. Nyimbo alizopakua ndani ya Spotify zinabaki humo humo, hazihamishiki kwenda kwenye MP3 kama faili la kawaida. Programu nyingi za muziki ziko hivyo. Anatakiwa awe na faili lenyewe. Kama hana na hana mpango wa kulitafuta, huyo simu inamtosha. Nimewahi kumwambia mteja hivyo akaondoka bila kununua, akarudi baadaye kununua spika.

Akikwambia ni mawaidha au mahubiri anayorushiwa kwenye magrupu ya WhatsApp, hapo kuna kazi. Sauti zile za kurekodi za WhatsApp ni faili za aina ya opus, na MP3 za bei rahisi hazizisomi. Utakuta zinasoma MP3, WAV na WMA, basi. Hata M4A nyingi zinaikataa. Faili inabidi ibadilishwe kuwa MP3 kwanza. VLC ya kwenye kompyuta ni ya bure na inabadilisha. Mimi nawafanyia wateja kwa malipo kidogo, na wanalipa bila kelele.

Na akikwambia Qur'ani, Biblia ya kusikiliza, au masomo ya kufuatana, tulia hapo, maana ndipo nilipoanguka mimi. MP3 nyingi za bei ndogo hazipangi faili kwa majina. Zinafuata mpangilio zilivyoingizwa kwenye kadi. Ukipakia ovyo, inatoka sura ya 36, inakuja ya 2, inarukia ya 114. Kwa bongo fleva hakuna shida. Kwa mama anayetaka kuanza mwanzo hadi mwisho, ni usumbufu mtupu. Dawa yake: fomati kadi, yape mafaili namba mbele, 001, 002, 003 mpaka mwisho, kisha hamisha yakiwa yamepangwa. Ukiyachagua yote kwa pamoja kwenye kompyuta, shika faili la kwanza kabisa ndipo uburute, kwa sababu ukishika la katikati kunakili kunaweza kuanzia hapo ulipolishika. Ukimaliza sikiliza sura tano za mwanzo uone kama zinafuatana.

Kuna jambo jingine linakwenda na hilo: ikizimwa, inakumbuka ilipoishia? Al-Baqara ina aya 286. Mtu kafika katikati, kazima akaswali, akiwasha inaanza mwanzo. Atarudia mara ngapi? Jaribu mwenyewe, peleka faili refu mpaka dakika ya 20, zima, washa. Zile 12 zangu hazikuwa zinakumbuka, na kwenye boksi huwezi kukuta pameandikwa "haikumbuki".

Halafu, nani ataishika? Zile ndogo za kubana kwenye nguo, zisizo na kioo, umbo lake limeigwa kwa iPod shuffle ya Apple. Shuffle ya kwanza ilitoka 2005, na hata hiyo haikuwa na kioo, ilitengenezwa kwa mtu asiyetaka kuchagua wimbo, anawasha tu zinapiga. Apple wenyewe waliacha kuiuza 2017, na 2022 wakafunga iPod zote, lakini vijukuu vyake bado vinashuka kwenye makontena. Kwa anayekimbia asubuhi au anayefanya mazoezi ni nzuri sana, nyepesi, inabanwa kwenye kola, hujali ikianguka. Kwa mtu mwenye nyimbo elfu moja anayetaka ule mmoja, ni adhabu. Na kwa mzee mwenye vidole vikavu na macho hafifu ni kosa langu la Tanga.

Wazee siku hizi siwauzii MP3 kabisa. Nawapa redio ndogo yenye tundu la flashi na kadi, ile yenye vitufe vikubwa na spika yake yenyewe. Hakuna kuvaa chochote masikioni, na ukiibandikia kitufe cha kusimamisha kipande cha plasta anakitambua kwa kidole gizani. Ndiyo niliyompelekea yule mama wa Tanga mara ya pili, bila faida. Mwanaye aliniambia sasa ugomvi ni wa wajukuu kuitaka kusikilizia mpira.

Sasa tuje kwenye GB, maana najua ndiyo mnayoandika kwenye posti zenu. Wimbo wa MP3 wa 128kbps unakula karibu MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 ni kama MB 4. Kwa hiyo GB 4 tu ni kama nyimbo 1,000. Zikiwa za 320kbps, zile za ubora wa juu, gawa kwa mbili na nusu, unabaki na 400 hivi. Qur'ani nzima ninazopakia kwa 128kbps zinaingia ndani ya GB 2. Nani kati ya wateja wako ana nyimbo 16,000 za kujaza 64GB? Mimi sijamwona.

Na hiyo 64GB ina ubaya wa pili. Kadi kuanzia 64GB kwa kawaida zinakuja na fomati ya exFAT, na MP3 nyingi za bei nafuu zinasoma FAT32 tu. Kadi nzima, MP3 nzima, ukiziunganisha kimya. Kadi ya 32GB kushuka chini ndiyo salama. Na mteja akiona 29GB badala ya 32 asikugombeze, hiyo ni tofauti ya kompyuta inavyohesabu na kiwanda kinavyohesabu, kadi ni nzima.

Ubaya wa tatu ndio ulionimaliza. Kuna kadi feki zilizochezewa ndani, kompyuta inaonyesha 64GB lakini uwezo wake wa kweli ni 8 au chini ya hapo. Unapakia, inakubali yote, haikwambii kitu. Ukivuka uwezo wake, vilivyobaki vinapotea au vinaharibu vya mwanzo. Jina la faili unaliona, ndani hamna kitu. Ndiyo maana msomaji alikuwa anakatika katikati ya aya.

Kuangalia kwa macho hakusaidii, wameigiza mpaka karatasi. Tumia programu inaitwa H2testw, ya bure, ya Windows. Inaijaza kadi yote kisha inaisoma tena, mwisho inakwambia kiasi gani ni kizima na kiasi gani kimepotea. Inachukua muda, kadi ya 32GB iache inaendelea ukafungashe oda nyingine. Huna kompyuta, ijaze kadi mpaka mwisho kwa nyimbo, uichomoe, uirudishe, kisha piga za mwanzo, za katikati na za mwisho. Ukinunua kadi 20 kwa jumla, jaribu angalau 3 kabla hujapost hata moja, na mwambie muuzaji wa jumla kabla hujatoa hela kwamba utajaribu na utarudisha. Anayekasirika kwa hilo mwache na kadi zake. Nilizobaki nazo mimi nilizikata kwa mkasi. Jamaa mmoja alitaka nimuuzie kwa bei ya kutupa, nikakataa, kwa sababu nilijua zingeishia kwa mteja wa mtu.

Chaji sitaongea sana. Kile kipindi kilichoandikwa kwenye boksi usikirudie kwenye posti yako. Chaji ijae, iwashe asubuhi, sauti ya kati, uandike saa ilipozimika. Zangu za kubana zilikwenda saa nne na kidogo, boksi lilisema kumi. Zenye Type-C baadhi hazichaji kwa waya wenye Type-C pande zote mbili, weka kwenye boksi ule wa USB ya kawaida. Redio ya FM inatumia waya wa hedifoni kama antena, kwa hiyo mwenye hedifoni za Bluetooth asitegemee redio. Rangi mteja atachagua mwenyewe.

Wazazi wa wanafunzi wa bweni watakuja, hasa shule zikikaribia kufunguliwa. Muulize kama shule inaruhusu. Shule nyingi zinazokataza simu zinachukua na MP3, na ikichukuliwa mzazi anakukumbuka wewe.

Halafu lile la kuuza kadi "zenye nyimbo tayari". Najua linalipa. Lakini kunakili nyimbo za wasanii na kuziuza bila ruhusa kunakatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na ukipost mtandaoni umejiandikia ushahidi mwenyewe. Mimi nauza kadi tupu iliyojaribiwa. Mteja analeta mafaili yake.

Posti yangu ya sasa imekaa hivi: "MP3 ya kubana, haina kioo, inafaa mazoezi na kutembea. Kadi 16GB, imejaribiwa, nyimbo kama 4,000. Chaji nimepima mwenyewe, saa 4. Haikumbuki ulipoishia. Haifai kwa wazee, waulizie redio." Mwanzo niliogopa kuandika "haifai". Sasa hivi nusu ya wanaonijia wanaanza na swali la hiyo redio.