Nusu ya Tezi Imetoka, Hofu Imebaki

Mkulima wa mpunga wa Kakese, Mpanda, aliyetolewa upande mmoja wa tezi ya shingo anarudi nyumbani na mshono mfupi, kadi ya kliniki na neno saratani. Daktari amemwambia uvimbe ulikuwa mdogo na umetoka wote. Lakini wanaokuja kumpa pole wanamtazama shingoni, wengine wanaongea kama wako matangani. Usiku mkono unakwenda wenyewe pale kwenye mshono.

Ukubwa wa hofu hiyo si kipimo cha ugonjwa. Aina ya saratani ya tezi inayoonekana zaidi, iitwayo papilari, kwa kawaida hukua polepole sana. Mwaka 1993 madaktari wa Kuma Hospital, Kobe, nchini Japani, walianza kuwafuatilia bila kuwapasua wagonjwa wenye uvimbe usiozidi sentimita 1. Baada ya miaka 10, ni kama wagonjwa 8 katika kila 100 ambao uvimbe wao ulikuwa umeongezeka milimita 3 au zaidi, na katika taarifa walizochapisha hakuna aliyefariki kwa saratani hiyo. Wewe uliyepasuliwa umeshatolewa kile ambacho wenzako wa Kobe waliendelea kuishi nacho. Na kubakiza nusu ya tezi si kazi iliyoachwa njiani: kwa uvimbe mdogo ambao haujatoka nje ya tezi, kutoa upande mmoja kunatosha.

Ndugu nao wasimwambie mgonjwa, “Una bahati, hiyo saratani nyepesi.” Maneno hayo humnyamazisha tu.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu, mwili kunenepa, huzuni: mtu akiona haya anaamini saratani imerudi. Mara nyingi nusu iliyobaki imeelemewa. Takribani mgonjwa 1 kati ya 5 homoni yake ya tezi hupungua baada ya upasuaji huu. Kipimo cha damu kiitwacho TSH, wiki sita hadi nane baadaye, hubaini hilo, na kidonge cha levothairoksini asubuhi kabla ya kula hulirekebisha. Usivumilie miezi ukidhani ni mawazo tu.

Mshono huwa mgumu kwa muda, na ukiushikashika kutwa utapata kila siku kitu cha kukutisha. Kazi ya kuchunguza shingo iachie altrasaundi. Nenda hospitali mapema ukiona uvimbe mpya usioisha kwa wiki tatu, sauti ikianza kukwaruza upya au chakula kikikwama. Ukishindwa kupumua, nenda saa hiyo hiyo. Kuhusu chakula, kabeji na mihogo iliyopikwa vizuri hairudishi saratani, na chumvi yenye madini joto endelea kuitumia.

Siku za kliniki zikikaribia, hofu hupanda, hata kwa waliopona miaka mingi. Andika maswali, nenda na ndugu. Ukikosa usingizi wiki mbili mfululizo, au ukitamani kufa, mwambie daktari bila aibu. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko hapo Mpanda, na hofu nayo ina matibabu.

Omba pia nakala ya majibu ya nyama iliyopimwa, uitunze mwenyewe. Humo mna aina ya saratani na ukubwa wake, na daktari yeyote utakayemwona baadaye ataanzia hapo.