Je, wajua mti hauponi kidonda?

Ng'ombe akichanika ngozi, mwili wake huondoa nyama iliyokufa na kuotesha nyingine mahali pale pale. Mti hauna uwezo huo. Mbao iliyokatwa, iliyopasuka au iliyoingiwa na kuvu hubaki ndani ya shina, isipooza na kuacha pango, hadi siku mti utakapoanguka. Unachoweza mti ni kuizungushia mbao hiyo kuta za kemikali, kisha kuotesha mbao mpya juu yake. Kwa hiyo mwembe wa uani kule Ngulyati, katika Wilaya ya Bariadi, umetunza ndani yake kila pigo la panga lililowahi kuufika. Jambo hili likieleweka, kupogoa hakubaki kazi ya nguvu na ujasiri. Kunakuwa kazi ya kujua mahali pa kukata. Na anayejua mahali pa kukata hujiokoa yeye mwenyewe kabla hata ya kuuokoa mti.

Aliyetuonyesha hayo ni Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti katika Idara ya Misitu ya Marekani. Alianza kazi wakati msumeno wa mnyororo unaobebwa na mtu mmoja ulipokuwa umeanza kupatikana, akautumia kupasua miti kwa urefu, kutoka kisikini hadi kwenye matawi, badala ya kuitazama kwa mkato wa kukingama tu. Alipasua zaidi ya 15,000, akagundua kuwa uozo hausambai ovyo. Mwaka 1977 alieleza kuta nne. Ya kwanza huziba mishipa inayopandisha maji, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Ndiyo maana uozo hukimbilia juu na chini kuliko pembeni. Ya pili huzuia uozo usielekee kwenye kiini, na ya tatu huuzuia usilizunguke shina. Ya nne, iliyo imara kuliko zote, hujengwa baada ya jeraha, ikaitenga mbao iliyokuwepo siku ya kukatwa na mbao yote itakayoota baadaye. Hivyo mti wenye pango tupu katikati unaweza kuendelea kuzaa kwa miaka mingi: sehemu iliyo hai ni changa kuliko jeraha.

Kinga hiyo haina nguvu sawa kila mahali. Tazama tawi linapoungana na shina. Upande wa juu gome limejikunja likafanya tuta. Upande wa chini kuna uvimbe unaozunguka kitako cha tawi. Uvimbe huo ni mbao ya shina, si ya tawi, na humo mti umeshaandaa kinga, kwa sababu matawi hufa yenyewe porini na mti umezoea kuachana nayo. Ukikata nje kidogo ya uvimbe, umeondoa tawi tu. Baada ya msimu mmoja au miwili gome jipya huonekana likijiviringisha kutoka pande zote, pete iliyokamilika. Ukikata ndani ya uvimbe, sambamba na shina, umelijeruhi shina lenyewe, na mara nyingi gome jipya litaota ubavuni huku juu na chini pakibaki wazi. Ukiacha gutu refu, mti hauwezi kulifunika. Gutu hufa, na kuvu hupata daraja la kuingilia shinani.

Hapa ndipo usalama wa mti na usalama wa mkataji vinapokutana. Tawi bichi lenye unene wa sentimita 20 na urefu wa mita 4 lina uzito wa takriban kilo 120 bila kuhesabu majani, yaani zaidi ya gunia la mahindi. Likikatwa kwa mfululizo kutoka juu, huinama kabla halijaachia, likashuka huku limeng'ang'ania ukanda wa gome na kulichuna shina kuelekea chini. Katika sekunde hiyo halina mwelekeo wa uhakika, na linaweza kubembea likaipiga ngazi. Wapogoaji stadi hukata mara tatu. Mkato wa kwanza hutoka chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, ukaishia kwenye robo ya unene. Wa pili hutoka juu, sentimita chache mbele ya ule wa kwanza kuelekea ncha. Tawi linakatika, na gome likichanika linakomea kwenye mkato wa chini. Wa tatu huondoa gutu lililobaki, ambalo sasa ni jepesi, nje ya uvimbe. Ngazi huegemezwa kwenye shina, kamwe si kwenye tawi linalokatwa, na anayepanda hujifunga mkanda na kamba. Chini ya mti nako huzungushiwa kamba mapema, kwa sababu kitu kinachoanguka kutoka mita 6, kiwe tawi au mtu, hutumia zaidi kidogo ya sekunde moja na kufika ardhini kwa kasi ya karibu kilomita 39 kwa saa. Aliye chini hapati muda wa kusikia onyo na kukimbia.

Vifaa navyo vinafuata hoja hiyo hiyo. Panga halikati pale macho yanapotaka. Hukata pale pigo linapoangukia. Linadai mkono mmoja urushwe, na mkono wa pili, ulioshika tawi, uko karibu na njia ya pigo. Kidonda chake huwa na nyufa na gome lililochubuka. Msumeno wa mkono wa kupogolea una meno yanayokata unapovutwa, kwa hiyo aliye juu hujivuta kuelekea mti badala ya kujisukuma mbali nao, na mkato hukaa palepale ulipopangwa. Msumeno wa mnyororo ni mwepesi wa kazi, lakini hausamehi. Mnyororo wake hukimbia takriban mita 20 kwa sekunde, na robo ya juu ya ncha ya upanga wake ikigusa mbao, mashine nzima hurushwa juu na nyuma kuelekea uso wa mtumiaji kabla hajapepesa jicho. Breki ya mnyororo, kofia ngumu yenye wavu wa uso, vizuia kelele vya masikio na suruali yenye nyuzi za kukwamisha mnyororo vina sababu yake. Kuutumia kwa mkono mmoja ukiwa ngazini ni kuchezea uhai.

Mkazi wa Usukumani ana haki ya kuuliza: mbona miti yetu imekatwa kwa panga na shoka vizazi na vizazi, na bado inachipua? Tena ana ushahidi mkubwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, wakati Bariadi ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu, ambako Bariadi iko sasa, ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Miti ilikuwa imefyekwa ili kupambana na mbung'o, kisha kupanua mashamba ya pamba, lakini mizizi mingi ilikuwa hai ardhini. Ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili yatumike kiangazi, ziliipa nafasi ya kuchipua, na zilizofufuliwa zikazidi hekta 300,000. Hata hivyo, chipukizi la kisikini na chipukizi la juu ya shina lililokatwa kichwa ni vitu viwili. La kisikini huota karibu na mizizi, na likivunjika haliumizi mtu. La juu hushikwa na tabaka jembamba la mbao ya nje, wakati mbao iliyo chini yake inaoza, nalo hukua haraka. Miaka michache baadaye ni tawi zito lenye kitako dhaifu, nalo linaning'inia juu ya bati la nyumba au la darasa. Ngitili zinathibitisha uhai wa mizizi. Hazihalalishi kuukata kichwa mwarobaini wa shuleni.

Wengine watasema kidonda kinaweza kupakwa rangi, lami au samadi. Majaribio ya Shigo, yaliyofuatiliwa kwa miaka, hayakuona dawa ya kupaka iliyozuia uozo, na mpako unaofungia unyevu huweza hata kuisaidia kuvu. Ni afadhali kukata vizuri na kuacha wazi, hasa kiangazi, kabla ya mvua za Oktoba na Novemba kuleta unyevu unaostawisha kuvu. Wapo pia watakaolalamikia gharama. Lakini msumeno wa mkono na kamba imara hutumika miaka mingi, na bei yake haifikii hasara ya mguu uliovunjika katika msimu wa kulima.

Ipo pia mipaka isiyovukwa hata na mwenye vifaa vyote. Nyaya za TANESCO za msongo wa kati, kilovolti 11 na 33, kwa kawaida hazina ganda, na tawi bichi hupitisha umeme. Mti uliozikaribia ni wa kuripotiwa, si wa kupandwa. Mti wenye pango uchunguzwe nyuki kwanza. Na shule, kanisa, msikiti au ofisi inayoajiri kibarua wa kukata mti ikumbuke kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kwa hiyo, kabla ya kumpa mtu panga na ujira, mpe msumeno, kamba na kofia ngumu, kisha mwonyeshe uvimbe ulipo. Kama huwezi kumpa hivyo, acha tawi lisubiri.