Sabufa ya gari Kibiti: baridi haiiui, ila umande na chumvi

Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Julai, stendi ya Kibiti. Vioo vya magari vimelowa kama vimemwagiwa maji. Abiria wamejifunga kanga na makoti. Dereva wa Noah anawasha mziki ili kuita watu.

Jana usiku besi ilikuwa inatikisa milango. Leo inatoka nzito, haina uhai, kama mtu anapiga ndoo iliyojaa nguo. Anaongeza sauti. Haitoshi, anaongeza tena. Kabla hajafika Ikwiriri, harufu ya kitu kinachoungua inatoka nyuma ya siti.

Akifika kijiweni atapewa jibu moja tu: baridi hiyo, imekaza raba ya spika.

Ni jibu linalokubalika haraka, na ndiyo maana linawagharimu watu. Wengine hununua sabufa na amplifaya pesa ya korosho ikitoka, kati ya Oktoba na Desemba. Ikifa Julai, msimu mwingine bado uko mbali, na kwa dereva wa abiria mziki ni sehemu ya biashara. Gari lisilo na mziki, vijana wanaliruka.

Hadithi ya baridi imetoka wapi

Imetoka kwenye video za wapenda mziki wa gari wa Canada, Sweden na majimbo ya kaskazini ya Marekani. Huko gari linalala nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Raba inayozunguka koni ya spika inakakamaa, na kile kitambaa cha mikunjo kilicho chini ya koni nacho kinakaza. Ukipiga besi kubwa ghafla, raba inaweza kupasuka au gundi ikaachia. Betri nayo, ikifika kama nyuzi 18 chini ya sifuri, inabaki na karibu nusu ya nguvu zake.

Kwa hiyo wanaambizana: piga mziki kwa sauti ya chini dakika kumi au kumi na tano, spika ipate joto, ndipo uongeze. Kwa huko ni sahihi kabisa.

Kibiti haina baridi hiyo. Hata kipupwe, Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, usiku wa baridi kweli kweli ni nyuzi 18 au 20 hivi. Kwa raba ya spika hiyo ni hali ya kawaida tu. Mwenye haki ya kulalamika ni dereva anayelala Njombe au Makete, ambako usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10 na kule Kitulo barafu huonekana kwenye majani. Huyo anaweza kusikia besi ngumu dakika za mwanzo, kisha inafunguka yenyewe.

Basi ile Noah ya stendi ilipatwa na nini?

Jasho la sumaku

Jibu liko kwenye vioo vilivyolowa. Hewa ya Kibiti, na zaidi ya kule delta, imebeba maji mengi mwaka mzima. Usiku wa kipupwe mabati ya gari yanapoa, na maji yaliyo hewani yanaganda juu yake kama umande, sawa na chupa ya soda inavyotoka jasho ikitolewa kwenye friji.

Sabufa inaumia kuliko redio kwa sababu ya sumaku yake. Ni kipande kizito cha chuma. Kinapoa taratibu usiku, na asubuhi kinachelewa kupata joto. Jua linapoanza kuwaka hewa inakuwa ya moto na yenye unyevu, lakini sumaku bado ya baridi. Umande unaishia hapo, hasa kama gari lilikuwa limefungwa kimya usiku kucha.

Koni nyingi za bei nafuu ni za karatasi. Karatasi ikinyonya unyevu inakuwa nzito na laini, na mlio wake unabadilika. Boksi la MDF au chipbodi nalo linanyonya, linavimba kwenye kona, gundi inaachia na hewa inaanza kupenya. Boksi lililofungwa likishavuja, koni haina tena hewa ya kuizuia. Inatupwa mbele na nyuma kupita kiasi, na hapo mwenye gari anasikia mlio wa "kwa-kwa-kwa" kwenye nyimbo zenye besi ndefu.

Hapa ushauri wa Canada unafaa, ila kwa sababu tofauti. Asubuhi fungua milango na buti dakika kumi, hewa izunguke. Anza na sauti ndogo. Hupashi raba joto, unakausha umande. Hata dereva asiyejua sababu, akifanya hivyo kila siku sabufa yake itaishi zaidi ya ile ya jirani.

Besi ikipungua, mkono uende wapi?

Umande pekee haukuiunguza Noah ile. Iliungua kwa sababu dereva aliongeza sauti, halafu akaongeza tena.

Spika ni kifaa kinachopoteza umeme mwingi sana. Katika kila wati 100 zinazoingia kwenye sabufa, moja hivi, na mara nyingi hata chini ya hapo, ndiyo inageuka sauti. Zilizobaki zote zinageuka joto ndani ya koili, ule waya mwembamba uliozungushwa katikati ya sumaku.

Sasa shaba ina tabia moja: kila joto lake likipanda kwa nyuzi moja, ukinzani wake unaongezeka kwa karibu asilimia 0.4. Koili ya omu 4 ikipata nyongeza ya nyuzi 100, jambo la kawaida kwenye mziki mkubwa, inakuwa kama omu 5.6. Amplifaya ikitoa volti zile zile, spika inapokea kama asilimia 72 tu ya nguvu ya mwanzo.

Yaani besi inapungua yenyewe kwa sababu koili imechemka. Dereva anasikia imepungua, anaongeza. Koili inachemka zaidi. Mwisho wake ni ile harufu.

Betri iliyochoka inaongeza balaa. Asubuhi, kabla injini haijawaka, betri nzima inatoa volti 12.6 hivi, injini ikiwaka na alteneta ikichaji, inafika 14 na kidogo. Dereva anayepiga mziki stendi gari likiwa limezimwa anaikamua betri mpaka chini ya 12. Hapo amplifaya haiwezi kutoa wimbi zima la sauti, inalikata kichwa. Wimbi lililokatwa kichwa linapeleka joto jingi kwenye koili na mtikisiko kidogo. Sikio likisikia besi inakwaruza, hiyo siyo baridi. Punguza.

Kwenye bajaji shida ni kubwa zaidi. Gari dogo alteneta yake hutoa ampia 60 hadi 100 hivi, lakini mtambo wa kuchaji wa bajaji ni mdogo mno kwa amplifaya iliyotengenezewa gari. Kijana akifunga sabufa ya inchi 12 nyuma ya siti ya abiria, kwa kweli amefunga mashine ya kuua betri.

Chumvi ya delta

Ukitoka Bungu kwenda Nyamisati, ambako watu wanapanda boti za Mafia, hewa inabadilika. Kuanzia hapo kuelekea Mbwera, Salale, Kiongoroni na Maparoni, maji ya bahari yanaingia na kutoka kati ya mikoko kila siku, na upepo unabeba chumvi. Sehemu kubwa ya huko usafiri ni boti, siyo gari. Lakini spika za gari zinafika, kwa sababu zinatumia volti 12: betri moja na sola juu ya paa zinatosha kuendesha mziki wa kibanda au wa sherehe.

Chumvi inapenda sehemu mbili. Ya kwanza ni maungio ya nyaya. Ukiona unga wa kijani kwenye shaba au mweupe kwenye vichwa vya betri, umeme haupiti vizuri tena. Pale pasipopita vizuri panapata moto, na plastiki inayeyuka.

Ya pili ni waya wenyewe. Waya mwingi wa bei rahisi unaoonekana mnene kama kidole ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwangua nyuzi zake kwa wembe: zikitoa rangi ya fedha ndani, siyo shaba. Kwa Dodoma kwenye ukavu unaweza kudumu. Karibu na bahari, metali mbili zikikutana na maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inaliwa. Waya unakuwa unga ndani ya ganda zuri la plastiki, na nje huoni kitu.

Dawa yake haina maajabu. Nunua waya wa shaba hata kama ni mwembamba kidogo kwa macho. Safisha maungio kwa msasa mwepesi, kaza, kisha paka mafuta ya mgando au grisi. Rudia kila baada ya miezi michache. Boksi litengenezwe kwa plaiwudi inayovumilia maji badala ya chipbodi, lipakwe rangi ndani na nje, kisha liinuliwe sentimita mbili kutoka sakafuni kwa vipande vya mbao. Sakafu ya boti, na hata ya Noah inayobeba dagaa na samaki, hailowi mara moja tu.

Jambo moja halina mjadala: fyuzi kwenye waya mkubwa unaotoka betri, karibu na betri yenyewe, usizidi sentimita 45 hivi. Waya ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi ikatike pale. Fyuzi iliyo upande wa amplifaya inailinda amplifaya, lakini waya wote wa katikati unabaki wazi. Gari linaungua na watu ndani. Fundi anayesema "haina haja" abadilishwe.

Sabufa iliyozama

Mafuriko ya 2024 yaliingia majumbani na mashambani Rufiji na Kibiti, na vyombo vya mziki vilizama pamoja na vitanda na magunia. Watu wengi walifanya kitu kimoja: kuanika spika kwenye jua kali. Jua linakausha, ndiyo, lakini linakunja koni ya karatasi na kulegeza gundi.

Sabufa iliyolowa isiwashwe. Ichomolewe nyaya zote. Kama maji yalikuwa ya chumvi, fremu na vichwa vya nyaya visuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mapema, kwa sababu chumvi ikikaukia pale itaendelea kula chuma. Kisha ikae kivulini penye upepo, koni ikiangalia chini, siku kadhaa. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii. Mchele ni wa kula.

Ikishakauka, ijaribiwe hivi. Weka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni, sukuma taratibu na kwa usawa. Ikiingia na kutoka laini, kuna matumaini. Ikikwaruza, tope limeingia kwenye ule mwanya kati ya koili na sumaku, ambao haufiki hata milimita moja au mbili, na tope la Rufiji ni laini mno kulitoa. Hiyo ni ya kubadilisha koili au kununua nyingine.

Ikiwa haikwaruzi, pima kwa mita. Sabufa ya omu 4 iliyo nzima inasoma 3.2 hadi 3.8 hivi. Ikisoma sifuri, au mita isisome kabisa, koili imekwisha. Ikisoma vizuri, irudishwe kwenye boksi kavu na ipigwe kwa sauti ndogo saa moja nzima kabla mtu hajagusa kitufe cha besi.