Bata na Kuku mu Lupango Moja: Tuanze na Maji



Wamama wengi hapa Likasi wanafuga kuku na bata mu lupango moja. Ni vizuri: kuku anatafuta wadudu na mbegu, bata anakula konokono na majani, na makombo ya bukari yanafaa wote. Lakini mvua ikianza, vifaranga vinakufa, na pesa ya minervale inakwenda navyo. Wachana wote pamoja mchana, lakini utenganishe mambo haya.

Maji. Bata lazima azamishe kichwa kizima ili aoshe macho na pua. Maji yanakuwa matope, na kifaranga cha kuku kikiingia mu beseni kinazama. Weka beseni ya bata upande wa chini wa lupango, juu ya changarawe. Maji ya kuku yakae mbali, mu chombo chenye mdomo mwembamba, juu ya matofali. Ubadilishe asubuhi na magaribi. Udongo ukibaki na unyevu, vifaranga vinapata koksidiozi na kuharisha damu.

Tena, usiache bata waende mu mto unaopokea maji ya viwanda ama ya kuosha madini. Bata anachuja matope kwa mdomo, na sumu ya metali inaweza kufika mpaka mu nyama na mayai.

Kulala. Kuku analala juu ya fito, bata analala chini. Kama nyumba ni moja, ukate katikati kwa mbao, ili mavi ya kuku yasiangukie bata na unyevu wa bata usifike kwa kuku.

Chakula. Mahindi ama karanga zenye ukungu, watu wanasema: «Tupatie bata.» Hapana! Sumu ya ukungu inaua watoto wa bata mbele ya vifaranga vya kuku. Chakula kilichooza usipatie yeyote.

Kuatamia. Mayai ya kuku yanaanguliwa kwa siku 21. Ya bata wa kwetu, wale wenye nyama nyekundu usoni, yanachukua siku 35. Ukiyaweka siku moja chini ya kuku, vifaranga vyake vikitoka ataacha ya bata yapoe. Weka ya bata kwanza. Kisha siku 14, ongeza ya kuku. Chakula na maji viwe karibu naye, maana atakonda.

Madume. Bata dume mmoja anatosha majike 4 ao 5. Madume wakizidi, wanapanda kuku na kuwaumiza.

Ugonjwa wa Newcastle. Huu njo ule unaopinda shingo ya kuku na kumaliza lupango nzima. Wengine wanasema bata hawezi kugonjwa. Kweli, mara nyingi haonyeshi alama, lakini anaweza kubeba ugonjwa na kuupatia kuku. Basi, bata ao kuku akitoka soko, akae peke yake wiki 2.

Kuku wapate chanjo kila miezi 3 ao 4, wakingali wazima; chanjo haiponyeshe aliyekwisha kugonjwa. Chupa moja inatosha kuku wengi, na ikifunguliwa haikawii kuharibika. Kwa hiyo mu kooperative muchange pesa, mupange siku moja na veterinere, na kila mmoja afungie kuku wake tangu usiku.