Kamyo yenye kusimama nayo inakula feza

Pale Butembo, mwenye kamyo akipata feza kidogo, wazo lake la kwanza ni kununua ingine. Wafanyabiashara wa mji huu wamejenga mali yao hivyo: bidhaa zinatoka Mombasa, zinapita Kampala na Mpondwe, zinaingia Kasindi, kisha Beni, kisha Butembo. Kwa kurudi, kamyo inabeba kakao, kahawa ao mbao, kama imepata mzigo.

Lakini tupige hesabu. Tuseme patron ana kamyo sita, na kila moja inamaliza siku 15 kwenda na kurudi. Kwa mwezi wa siku 30, zote pamoja zinafanya safari 12. Siku zikipunguka hadi 10, kamyo zile zile zinafanya safari 18. Bila kupunguza siku, angepashwa kununua tatu zaidi ili afike hapo! Hesabu ya namna hii, kati ya wingi wa vitu na muda wa kungojea, ilithibitishwa mwaka 1961 na Mwamerika John Little.

Sasa siku zinapotelea wapi? Kutoka Beni hadi Kasindi ni kilomita 80 hivi tu. Patron atasema: ni dwani. Shofere atacheka, sababu yeye anajua pia siku za kwa fundi, za karatasi iliyosahauliwa Butembo, za depo isiyokuwa na wapakuzi. Daftari moja inatosha: tarehe ya kuondoka, ya kufika Kasindi, ya kutoka dwani, ya kurudi, ya kupakua. Kisha miezi miwili, mabishano yanaisha.

Kuko kungojea kumoja ambako hakuguswi: kungojea eskorte ya askari. Hata eskorte si kinga kamili. Septemba 2021, msafara uliosindikizwa ulishambuliwa kwenye barabara ya Komanda–Luna, Ituri. Patron mwenye kulipa shofere kwa safari peke yake, bila kitu kwa siku za kungojea, anamsukuma aende bila wenzake. Hiyo mimi siiite gestion. Siku ya eskorte ilipwe kama siku ya kazi.

Tena, magari ya msafara yanafika Kasindi mara moja, na dwani inajaa saa ile ile. Kamyo yenye karatasi zilizotangulia ndiyo inatoka ya kwanza.